Senti ya Tundu na Bei ya Gredi

Senti 10 ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936 ni sarafu ya shaba iliyochanganywa na bati, ina upana wa sentimita tatu hivi, na katikati ina tundu. Upande mmoja pembe za ndovu zimelizunguka tundu hilo; upande wa pili kuna taji na jina la Edward VIII. Mfalme huyo hakumaliza hata mwaka kwenye kiti. Alijiuzulu Desemba 1936 kabla ya kuvikwa taji, na kwao Uingereza hazikutolewa sarafu zenye sura yake kwa matumizi ya kawaida. Huku Afrika Mashariki tundu ndilo lililoamua mambo. Senti 5 na senti 10 hazikuwa na nafasi ya sura ya mtu, zilihitaji jina tu, kwa hiyo zilipigwa kwa mamilioni na kuingia mifukoni mwa watu kutoka Mombasa hadi Tororo na ng'ambo ya Nile.

Sarafu hiyo ikiwa imelainika kwa vidole vya miaka thelathini, ni ya bei ndogo popote duniani, maana ziko nyingi. Ikiwa bado ina wekundu wake wa kiwandani, na imefungwa ndani ya kasha la plastiki lenye namba 65 au 66, huuzwa kwa bei inayozidi ile ya kwanza mara nyingi. Shaba ni ile ile, mfalme ni yule yule, mwaka ni ule ule. Kilichobadilika ni hali ya sarafu pamoja na ushahidi wa hali hiyo, na ushahidi huo ndio unaoitwa gredi.

Gredi ya kitaalamu ni hukumu ya mtu wa tatu, asiye muuzaji wala mnunuzi, juu ya maswali mawili: je, kitu hiki ni halisi, na je, kimetunzika kwa kiasi gani? Mwenye sarafu, noti au kadi huipeleka kwa kampuni ya gredi na kulipa ada. Wapimaji zaidi ya mmoja huiangalia kwa lenzi chini ya taa, kila mmoja kivyake, kisha namba moja hukubaliwa. Kitu hufungwa ndani ya kasha la plastiki ambalo haliwezi kufunguliwa bila kuvunjwa, likiwa na lebo yenye namba ya gredi na namba ya usajili. Tangu hapo hakiuzwi kwa maneno ya muuzaji. Mtu wa Tokyo anaweza kukinunua kwa mtu wa Toronto bila mmoja kumjua mwenzake, kwa sababu wote wawili wanaiamini lebo.

Mfano unaojulikana zaidi duniani ni kadi za picha, hasa za wachezaji wa besiboli wa Marekani na za mchezo wa Pokémon. Kampuni ya PSA ilianza kupima kadi mwaka 1991, ikitumia kipimo cha 1 hadi 10, na wengine kama SGC na Beckett walifuata kabla ya karne kuisha. Kadi ya Mickey Mantle iliyotolewa na Topps mwaka 1952 inaonyesha nguvu ya kipimo hicho. Moja yenye gredi 9 iliuzwa kwa dola milioni 5.2 Januari 2021. Nyingine, yenye gredi 9.5 ya SGC, iliuzwa kwa dola milioni 12.6 Agosti 2022. Ni kweli kwamba soko lenyewe lilikuwa limepanda katika miezi ile, na kampuni zilizopima hazikuwa moja. Hata hivyo nusu ya hatua katika namba ilihesabiwa kwa mamilioni. Watu wengi walikimbilia kupimiwa kadi zao wakati huo, hata PSA ikalazimika kusimamisha huduma zake nyingi Machi 2021 kwa sababu ya mlundikano.

Hata hivyo kadi si mwanzo wa mambo haya. Mwanzo wake ni sarafu, na sarafu ndiyo inayowahusu moja kwa moja watu wa mpaka wa Kenya na Uganda, wa Busia, Malaba, Tororo na vijiji kama Petta, kwa kuwa ndicho kitu cha kukusanywa ambacho babu zao waliacha ndani ya makopo, vibuyu na mikoba ya ngozi. Kipimo cha 1 hadi 70 kinachotumiwa leo kwa sarafu za nchi zote kilibuniwa na Mmarekani, William Sheldon, mwaka 1949. Alikuwa akiandika juu ya senti kubwa za shaba za Marekani, na wazo lake lilikuwa la bei tupu: ikiwa senti ya mwaka 1794 iliyochakaa kabisa, ambayo mwaka wake unasomeka kwa shida, ina thamani ya dola 1, basi iliyo kamili kuliko zote ina thamani ya dola 70, na zilizo katikati zijipange humo. Kwa hiyo namba ya gredi ilikuwa bei tangu siku ya kwanza. Hesabu ile ya dola ilipitwa na wakati mapema sana, lakini ngazi zake zilibaki. Kampuni ya PCGS ilianza kuzitumia kibiashara mwaka 1986, NGC ikafuata 1987, na kwa noti za karatasi PMG ikaanza mwaka 2005.

Ngazi hizo hazilingani kimo. Kutoka 1 hadi 58 ni sarafu zilizotumika, na kutoka 60 hadi 70 ni zile ambazo hazikuwahi kupita mkononi mwa muuza chumvi. Kupanda kutoka 20 hadi 30 kunaweza kuongeza bei kidogo tu. Kupanda kutoka 64 hadi 66 kunaweza kuizidisha mara kadhaa, ingawa jicho lisilozoea halioni tofauti yoyote. Sababu ni kwamba kampuni za gredi hutunza rejista ya vitu vyote vilivyopita mikononi mwao. Mnunuzi akifungua rejista akaona vipande mia vya gredi 63 na viwili tu vya gredi 66, hanunui tena senti 10 ya 1936 iliyopigwa kwa mamilioni. Ananunua mojawapo ya mbili. Gredi huzalisha uhaba ndani ya wingi, na hapo ndipo siri yote ya bei ilipo, kwa kadi na kwa sarafu.

Kwa Afrika Mashariki uhaba huo wa hali bora ni wa kweli, na una historia yake. Jina lenyewe la fedha katika Kiswahili ni orodha ya sarafu zilizopita hapa: pesa ni paisa ya Wahindi, hela ni heller ya Wajerumani, thumuni ni sehemu moja ya nane, na ndururu ni senti 5. Kwa Waganda ensimbi, yaani fedha, ni kauri zenyewe. Kampuni ya Imperial British East Africa ilipiga rupia na pesa zake za Mombasa mwaka 1888. Kuanzia 1906 himaya mbili, ya Afrika Mashariki na ya Uganda, zilipata nusu rupia na robo rupia za fedha zenye simba, na senti ndogo zikafuata. Mwaka 1907 na 1908 senti hizo ndogo zilipigwa kwa alumini. Alumini haikuhimili jasho wala unyevu wa nchi hizi. Iliota vidonda vyeupe na kuliwa, na mwaka 1909 madini yakabadilishwa. Kwa sababu hiyo senti 1 ya alumini isiyoliwa ni kitu cha kutafutwa kwa taa, na gredi yake ya juu ina bei ya pekee. Hakuna mkusanyaji aliyeifanya iwe adimu. Hali ya hewa ndiyo iliyoifanya hivyo.

Baada ya hapo, mwaka 1919, ikaundwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka uliofuata ilileta florini, na mwaka 1921 ikaiacha na kuleta shilingi yenye simba mbele ya milima. Florini ilikaa muda mfupi kiasi kwamba nyingi zilirudishwa na kuyeyushwa. Shilingi ilikaa hadi 1966, pale Tanzania, Uganda na Kenya zilipotoa fedha zao. Kati ya miaka hiyo sarafu za tundu zilitungwa kwa kamba na kufungwa kiunoni au shingoni, zikasuguana zenyewe kwa zenyewe njia nzima kutoka gulioni hadi nyumbani. Zilizofichwa zilifichwa ardhini, na udongo haukuzihurumia. Tundu, ambalo lilikuwa rahisi kwa mwenye fedha, liliharibu hali ya sarafu kuliko kitu kingine chochote. Sarafu ya Uingereza ya enzi hiyo ilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutiwa katika droo ya mkusanyaji siku ileile ilipotoka kiwandani. Ya huku ilikwenda kulipa kodi.

Kwa mtu wa mpakani, lililo muhimu kuliko yote katika habari ya gredi ni kusugua. Anayeokota shilingi ya 1924 shambani, hatua yake ya kwanza huwa ni kuisugua kwa majivu, mchanga au limau hadi ing'ae, kwa imani njema kwamba mnunuzi atapenda kitu safi. Kwa sufuria hiyo ni adabu. Kwa sarafu ni kuiua. Ngozi ya juu ya madini, iliyopata rangi yake polepole kwa miaka mia, ndiyo ambayo mpimaji anaiangalia kwanza. Ikikwanguliwa, mikwaruzo midogo huonekana chini ya taa ikielekea upande mmoja, na rangi huwa ya kung'aa isivyo asili. Kampuni za gredi hazitoi namba kamili kwa sarafu kama hiyo. Huandika kwenye lebo kwamba ilisafishwa, na soko huishusha bei papo hapo. Hakuna dawa. Sarafu nyingi nzuri za ukanda huu zilipoteza thamani ndani ya dakika tano za mwisho, mkononi mwa mtu aliyezipenda.

Noti za karatasi zina maradhi yake. Mkunjo mmoja katikati huishusha noti kutoka kundi la zisizotumika. Tundu la pini, alama ya stepla, kona iliyopigwa, maandishi ya hesabu ya mwenye duka, vyote huandikwa. Noti za Bodi za mwaka 1964, zile zenye mashua juu ya ziwa na zisizo na sura ya malkia, hupatikana zikiwa zimechoka. Zilizo nyoofu na ambazo hazikupigwa pasi huwa na bei mbali kabisa. Noti za Uganda zenye sura ya Idi Amin, zilizoanza kutolewa mwaka 1973, ni mfano wa upande wa pili. Watalii huziulizia, hadithi zake ni nyingi, lakini zilibaki kwa wingi sana, na nyingine zikiwa mpya kabisa. Kuipeleka moja ya kawaida ikapimwe ni kutupa fedha, kwani ada itazidi bei. Kinyume chake ni sarafu ya shilingi 5 ya Uganda ya mwaka 1972, yenye pande saba, ambayo karibu yote iliondolewa na kuyeyushwa. Kwa hiyo, hata ikiwa imechakaa, swali la kwanza ni kama ni halisi, na kwa swali hilo kasha la mpimaji lina thamani kuliko namba iliyomo.

Halisi au bandia: hapo gredi huacha kuwa pambo na kuwa kinga. Stempu za kwanza za Uganda zinalionyesha jambo hili kwa uwazi. Mwaka 1895 mmisionari Ernest Millar alizipiga kwa taipu pale Mengo, herufi chache juu ya karatasi nyembamba, na bei yake ikaandikwa kwa hesabu ya kauri, kwa kuwa kauri 200 zilikuwa rupia moja. Stempu iliyopigwa kwa taipu inaweza kughushiwa na yeyote mwenye taipu ya zamani na karatasi ya zamani, na wengi walijaribu. Leo stempu hizo, zilizo kati ya zilizo adimu zaidi barani, haziuzwi mnadani kwa bei ya maana bila cheti cha kamati ya wataalamu, kwa mfano ya Royal Philatelic Society ya London. Pasipo cheti ni kipande cha karatasi chenye madoa ya wino. Ndivyo ilivyo pia kwa stempu za thamani kubwa za Kenya na Uganda za miaka ya 1920, zilizofika hadi pauni 100. Nyingi zilitumika kwenye hati za serikali, si kwenye barua. Walaghai walifuta mhuri wa hati na kuweka wa posta, na ni mtaalamu pekee anayeuona uwongo huo.

Tanzania Bara ina somo lake chungu katika jambo hilohilo. Rupia za Wajerumani, na hadithi za rupia zilizofukiwa wakati wa Vita vya Kwanza, zimewafilisi watu kwa mikono ya matapeli wanaouza vipande bandia au ahadi tupu kwa bei za kufikirika. Sarafu za kweli za wakati huo zipo na zina heshima yake. Rupia 15 za dhahabu zenye ndovu, zilizopigwa katika karakana ya reli ya Tabora mwaka 1916, zilikuwa karibu 16,000 tu, na zikiwa na gredi huuzwa kwa maelfu ya dola. Lakini kati ya ndovu wa Tabora na kipande cha shaba kilichopakwa rangi, mwanakijiji hana kipimo cha kumsaidia. Utapeli hustawi palipokosekana mpimaji.

Haifai kudhani kwamba watu wa mpakani hawajui gredi. Wanaijua vizuri mno, katika bidhaa nyingine. Wabadilishaji fedha wa Busia na Malaba hukunjua noti ya dola, wakaiangalia juani, na kabla ya kutaja bei wamekwisha kuipima: ya miaka ya zamani, iliyochanika, iliyoandikwa kalamu au ya thamani ndogo hupata kiwango cha chini, au hurudishwa. Dola 100 ya benki ileile ina bei mbili kwa sababu ya hali yake. Mahindi nayo yana gredi. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinayagawa katika madaraja matatu, kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5 na sumukuvu isizidi maikrogramu 10 kwa kilo. Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu kisha ikaufungua mpaka kwa sharti la cheti, malori yaliyopanga foleni yaliwafundisha wafanyabiashara wote kwamba kipimo ni sehemu ya bei.

Tofauti ni kwamba kipimo cha mahindi kipo karibu. Kuna mashine ya unyevu kwenye ghala, kuna ofisi za viwango pande zote mbili, kuna kituo cha pamoja cha Busia kilichofunguliwa rasmi Februari 2018, na mkulima akikataliwa anajua alikataliwa kwa nini. Mwenye sarafu hana kitu cha namna hiyo. Kampuni ambazo soko linaziheshimu ziko Marekani, California na Florida. Kuzipelekea kitu moja kwa moja huhitaji uanachama wa kulipia au wakala aliyeidhinishwa, posta yenye bima kwenda na kurudi, na maelezo ya forodha katika nchi mbili. Kwa sarafu ya maelfu ya dola gharama hiyo ni ndogo. Kwa shilingi ya 1924 ni mzigo, na kwa senti ya tundu ya kawaida ni wazimu.

Matokeo yake ni mgawanyo wa bei usio wa haki. Sarafu ya kijijini huanza kwa bei ya mnunuzi wa vyuma chakavu au ya sonara. Shilingi za 1921 hadi 1946 zilikuwa na robo tu ya fedha halisi katika gramu 7.8, yaani chini ya gramu 2 za fedha, kwa hiyo sonara hana haja ya kulipa nyingi. Mchuuzi wa vitu vya kale hununua kopo zima kwa bei ya jumla. Yeye huchambua, na zile tatu au nne nzuri humfikia mwenye duka la mji mkuu, kisha mkusanyaji wa ng'ambo, ambaye ndiye anayezipeleka kupimwa. Ongezeko lote la bei linalotokana na gredi hutokea baada ya sarafu kuvuka bahari. Aliyeitunza miaka sitini amelipwa bei ya kitu kisichojulikana, na aliyelipa ada ya kukijulisha anachukua kilichobaki. Mchuuzi hana kosa la kulaumiwa kwalo, maana yeye hubeba hatari ya kununua mchanganyiko. Kosa ni kwamba maarifa yako upande mmoja wa mnyororo.

Kuna sheria pia ya kukumbukwa kabla ya kutia kitu katika bahasha. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 huhesabu kuwa cha kale kila kitu cha kuhamishika, kisichokuwa kitabu wala hati, kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895, na kukitoa nje hutaka kibali. Rupia ya Mombasa ya 1888 imo humo. Shilingi ya Bodi haimo. Kumbukumbu ya mipaka nayo ina utata wake hapa, kwani hadi Aprili 1902 Busia ya upande wa Kenya ilikuwa katika Mkoa wa Mashariki wa Uganda, na sarafu hazikuwahi kujua mstari ulichorwa wapi.

Je, gredi yenyewe inaaminika? Kwa sehemu kubwa ndiyo, lakini si kama maandiko matakatifu. Kadi ya kwanza kabisa kupimwa na PSA mwaka 1991, ile ya Honus Wagner iliyotolewa na kampuni ya tumbaku mwanzoni mwa karne ya ishirini, ilipewa 8. Mwaka 2013 dalali Bill Mastro alikiri mahakamani kwamba alikuwa ameikata kingo zake ili ionekane nyoofu. Kadi iliendelea kuwa na kasha lake na bei yake ya mamilioni. Sheldon naye, aliyebuni ngazi za 70, baada ya kufa iligunduliwa kwamba alikuwa amebadilisha senti za American Numismatic Society, akichukua zilizo bora na kuacha duni mahali pake. Kampuni za gredi hulipwa na wenye vitu, na mteja asiyeridhika anaweza kulivunja kasha na kukipeleka kitu tena, akitumaini macho ya siku hiyo yatakuwa mapole zaidi. Wako pia wanaoghushi makasha na lebo zenyewe. Kwa hiyo mnunuzi mwangalifu huisoma namba ya usajili katika rejista ya kampuni, na huiangalia sarafu kabla ya kuiangalia lebo.

Hata pamoja na dosari hizo, soko lenye gredi ni bora kuliko soko la kusemezana, na walio dhaifu ndio wanaohitaji zaidi kipimo hicho. Tajiri wa Nairobi au Muscat ana rafiki wa kumuuliza. Bibi wa Petta aliyeachiwa kopo na mumewe hana. Jambo linalowezekana bila gharama kubwa ni meza ya utambuzi: mtu mmoja mwenye ujuzi, lenzi, mizani ya gramu na kitabu cha orodha, siku chache kwa mwezi, chini ya makumbusho ya taifa au benki kuu, kwa pande zote mbili za mpaka. Meza hiyo haitatoa 65 wala 66. Itasema tu kwamba hii ni halisi, hii ni bandia, hii imesafishwa, hii ni ya kawaida, na hii inastahili nauli ya kwenda kupimwa. Kwa maneno hayo matano mwenye kopo angeingia sokoni akijua anachouza. Benki kuu za Kenya na Uganda ni warithi wa Bodi iliyozitoa fedha hizo. Kuwasaidia raia kuzitambua si kazi ya nje ya nyumba yao.

Hadi meza hiyo itakapowekwa, ulinzi uko mkononi mwa mwenyewe. Sarafu isisuguliwe, isipakwe mafuta, isitiwe kwenye maji ya limau wala soda. Ishikwe kwa kingo, iwekwe peke yake katika karatasi kavu, ipigwe picha pande zote mbili, na kopo lisiuzwe zima kabla ya kila kipande kutazamwa mwaka wake na herufi ndogo za kiwanda, H kwa Heaton na KN kwa King's Norton, zote za Birmingham. Noti isinyooshwe kwa pasi wala kuunganishwa kwa gundi ya utepe. Na mchuuzi akija mlangoni akasema vyote ni takataka ila yuko tayari kusaidia kuvichukua, aombwe arudi wiki ijayo.

Wajukuu wenye simu wana kazi hapo. Picha ya sarafu inaweza kulinganishwa na zilizouzwa minadani na zilizoandikwa katika rejista za gredi, bila malipo, ukiwa umeketi chini ya mwembe. Anza na kopo la babu au nyanya yako, kabla mtu mwingine hajaliomba.